Nati ya Nne

Kama yupo mtu hapa Mkokotoni ambaye hajanipa ushauri kuhusu breki za gari langu, basi wiki ile alikuwa kisiwani Tumbatu na hakupata mashua ya kuvukia. Na hata huko Tumbatu hawakunyamaza. Siku ya tatu mchuuzi mmoja wa samaki aliniletea salamu: "Mwalimu, wazee wanakusalimu. Wanasema usisahau kuangalia mpira."

Mpira gani, hawakusema. Wa breki, wa gurudumu, au ule wa Simba na Yanga, hilo waliniachia mwenyewe.

Nianze mwanzo, maana watu wa huku ukiwapa kipande cha habari hukitia kichwa na mkia wenyewe.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa fizikia. Kiinua mgongo kilipotoka, wenzangu wenye akili zao walinunua minazi, ng'ombe wa maziwa au mashine ya boti. Mimi nilinunua Toyota Celica ya mwaka 1991, nyekundu, milango miwili, kwa binamu yangu aliyekuwa anahamia Muscat. Binamu hakuniuzia gari, aliniuzia historia. Alinikumbusha kwamba Celica ilichukua Safari Rally mwaka 1984, ikachukua tena 1985 na 1986, na kwamba mwaka 1994 Mkenya, Ian Duncan, aliwaacha wageni kwenye vumbi akiwa ndani ya Celica. Damu ikanichemka kama kijana. Nikalipa. Baadaye ndipo nilipofahamu kuwa ushindi wote ule ulikuwa wa Celica nyengine.

Gari la mashindano Mkokotoni ni sawa na kuvaa kanzu ya harusi kwenda kuvua pweza. Barabara ipo, na ni nzuri, lakini ina matuta, ina watoto wa skuli, ina ng'ombe wasiotambua sheria, na ina daladala linalosimama popote abiria anapojisikia kushuka. Celica ni fupi kwa kimo. Kila tuta hulipapasa kwa tumbo kwanza ndipo ilivuke. Na taa zake ni za kufumbuka: ukiwasha, zinainuka kutoka kwenye boneti kama macho ya chura. Yangu ya kulia inafumbuka. Ya kushoto imelala tangu binamu apande ndege. Matokeo yake, kila usiku gari langu linamkonyeza kila mtu linayekutana naye. Imamu wetu alishanivuta pembeni baada ya sala ya Isha, akaniuliza kwa upole kama nina neno na mke wa jirani.

Hayo yote niliyavumilia. Breki ndizo zilizonimaliza.

Nilikuwa natoka mjini mchana, kwa njia ya Bububu na Mahonda. Nilipofika Donge akatokea ng'ombe. Hakuvuka. Alisimama katikati ya lami akawa anafikiri. Nikakanyaga breki, pedeli ikakataa. Haikuzama mpaka chini, kama inavyofanya gari iliyokwisha oili ya breki. Ilikuwa ngumu, kama nakanyaga ngazi ya msikiti. Nikaongeza mguu wa pili. Nikajiinua kitini mpaka kofia ikagusa paa, jambo ambalo ndani ya Celica halihitaji juhudi. Gari likasimama taratibu, kwa adabu, hatua moja kutoka kwenye pembe. Ng'ombe akanitazama, akaitazama boneti, akaondoka zake.

Wahenga wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi siku ile hakuna mkuu aliyesema chochote, na guu lilikuwa linakaribia kuvunjika vilevile. Nimetoka Donge na donge langu, na mpaka leo liko kooni.

Kutoka pale nilivutwa kwa kamba na pikapu ya mchuuzi wa ndizi, na kila ilipopunguza mwendo mbele yangu nilitamka shahada. Mkokotoni nimeifika kwa kukokotwa. Jina lilikuwa linanisubiri muda wote huo.

Mtu akistaafu hunyang'anywa ofisi, chaki na heshima ya kuamkiwa na darasa zima, lakini elimu humbakia. Nilijua papo hapo kwamba ni busta. Kwa ambaye hajawahi kufunua boneti: tazama upande wa dereva, nyuma kabisa, utaona dude jeusi la duara, pana kama sinia ndogo ya kahawa, limebandikwa kikopo cha oili ya breki puani. Hiyo ndiyo busta. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachoigawa vyumba viwili. Injini ya petroli inapovuta pumzi hunyonya hewa ya vyumba hivyo kupitia mpira mnene, na kinachobaki ni ombwe. Mimi darasani niliita ombwe, mafundi wanaita vakyumu, na wanafunzi wangu waliita "ile ya kwenye mtihani". Ukikanyaga pedeli, hewa ya nje inaruhusiwa kuingia chumba kimoja tu, kile cha upande wako. Cha pili kinabaki na ombwe lake. Hewa inakisukuma kiwambo kuelekea kule kulikokuwa hakuna kitu, na kiwambo kinakwenda pamoja na mguu wako.

Utasema hewa ina nguvu gani. Usawa wa bahari, na sisi Mkokotoni hatuna usawa mwengine, hewa inakandamiza karibu kilo moja kwenye kila sentimita ya mraba. Busta yenye upana wa sentimita 23 ina kiwambo cha sentimita za mraba 400 na ushei. Injini haiwezi kuitoa hewa yote, kwa hivyo chukua theluthi mbili hivi ya hesabu hiyo: zaidi ya kilo 250. Hizo ni gunia tano za mchele, zile za kilo 50, zinakanyaga breki pamoja na wewe, na wewe unajiona una misuli. Busta ya namna hii ilibuniwa mwaka 1927 na mhandisi wa Kibelgiji, Albert Dewandre. Karibu karne tatu nyuma yake, Otto von Guericke wa Magdeburg alibananisha nusu mbili za tufe la shaba, akatoa hewa ndani, akafunga farasi kila upande, na farasi wakashindwa kuzibandua. Nimelisomesha hilo miaka thelathini. Nilikuwa nawachora farasi ubaoni. Walifanana na mbuzi, lakini somo liliingia.

Kipimo chake hakihitaji fundi. Zima injini. Kanyaga breki mara tano sita mpaka pedeli iwe ngumu. Sasa weka mguu uukandamize, kisha washa injini. Busta ikiwa nzima, pedeli itazama kidogo chini ya mguu, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Yangu haikuitikia. Ilikaa kama ilivyo, na kutoka chini ya dashibodi nikasikia mlio wa nyoka aliyeamshwa usingizini. Kiwambo kimechanika. Mpira wa miaka thelathini na ushei ni sawa na magoti ya mwenye gari: unafanya kazi kwa hisani tu.

Fundi wa kwanza niliyempigia simu alisema anakuja sasa hivi. Ilikuwa Jumanne, na mpaka naandika haya sasa hivi yake haijafika. Fundi wa pili, wa mjini, alitaka nimpelekee gari gereji. Nikamwambia gari halina breki. Akafikiri, akasema, "Basi lilete polepole."

Ndipo nilipoamua kufunga mwenyewe. Mke wangu aliposikia alinyamaza. Nimeishi naye miaka mingi kiasi cha kujua kwamba akisema, kuna nafuu.

Sasa tafuta busta ya Celica kisiwa hiki. Watu wamekuwa wakiandika habari za huku kwetu tangu zamani. Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, aliitaja Tumbatu kwenye kitabu chake. Spea hakuzigusia, na nimeanza kuelewa kwa nini. Darajani na Mwanakwerekwe utapata busta ya Noah, ya IST, ya Hiace, mpaka ya gari ambazo bado hazijaharibika. Ukisema Celica, kijana wa dukani anakuuliza, "Hiyo ndiyo gari gani, mzee?" kwa sauti ile ya kuulizia habari za marehemu.

Mwisho mtoto wa dada yangu aliyeko Dar es Salaam akaipata Gerezani, pale Kariakoo, kwenye rundo la vyuma vilivyoletwa kutoka Sharjah, imeandikwa juu kwa chaki ya manjano. Muuzaji aliapa kwamba inaingia. Neno "inaingia" kinywani mwa muuza spea lina uzito uleule wa "kesho" kinywani mwa mdaiwa, lakini mtu aliyekwama hachagui kiapo. Nikatuma pesa.

Busta ikapanda boti, ikateremka bandarini Malindi, na juu ya boksi pameandikwa kwa herufi kubwa MKOKOTONI. Pale mtu mwenye haraka zake akasoma Vikokotoni. Kwa asiyejua, Vikokotoni ni mtaa wa mjini, karibu na Darajani. Sisi tuko kaskazini kabisa, mwendo wa saa nzima kwa daladala lisilo na haraka, na sijawahi kukutana nalo lenye haraka siku nina shida. Mtu yule akaona umoja na wingi ni mamoja. Busta yangu ikalala siku mbili Vikokotoni, kwenye duka la vitambaa, na nilipoifuata nikakuta mwenye duka ameshaizoea, ameiwekea kikombe cha chai juu.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nikatandika jamvi chini ya mwembe nje ya nyumba yangu. Nikapanga spana, bisibisi, koleo, tochi, na kopo la oili ya breki ambalo halijafunguliwa, maana oili iliyokaa wazi hunyonya unyevu, na unyevu ndio kitu pekee tulichonacho cha ziada. Nikapiga bismillahi. Nikafunua boneti.

Hilo ndilo lilikuwa kosa. Boneti iliyofunuliwa Mkokotoni ni kama upatu uliopigwa. Wavuvi walikuwa wameshauza samaki wao sokoni, hawana pa kwenda mpaka jioni, na kivuli cha mwembe ni cha umma. Nilipoinua kichwa baada ya dakika kumi nilihesabu watu tisa. Wawili wamekuja na kahawa.

Sina ugomvi na ushauri. Lakini hebu fikirini wenzangu: hawa ni watu waliozaliwa kwenye ngalawa, wakakulia kwenye mashua, na sasa wana boti za mashine. Chombo kisicho na breki hata kimoja! Maisha yao yote hawajawahi kukanyaga breki, na wao ndio waliokuwa na mengi ya kusema kuhusu breki. Mmoja akasema tatizo ni plagi. Mwengine akasema Celica haina busta, ina kompyuta. Wa tatu akashauri niuze gari ninunue mashine ya farasi 40. Mzee mmoja aliyenyamaza muda mrefu akavuta pumzi, nikadhani sasa ndiyo hekima inakuja, akasema, "Rangi nyekundu inapauka haraka."

Na kana kwamba hayo hayatoshi, akajitokeza mmoja wao niliyemsomesha. Zamani hizo nilimpa 18 kwa mia, na pembeni ya kila swali nikaandika kwa wino mwekundu: Onesha njia. Sasa ana boti mbili na kitambi. Akakaa kwenye mzizi wa mwembe, akanikunjia mikono.

"Mwalimu," akasema, "hiyo nati utaifunguaje? Onesha njia."

Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Asubuhi ile aliirudia kauli hiyo mara saba. Nilizihesabu, kwa kuwa ndiyo hesabu pekee iliyokuwa inanitoka sawasawa.

Upande wa mbele haukunisumbua. Nati mbili za namba 12 zinazoishika breki masta kwenye busta zilifunguka, nikaivuta mbele kidogo bila kukunja paipu zake. Nilipoichomoa nikaona sababu ya msiba: oili ya breki ilikuwa inavuja nyuma ya masta pole pole, inaingia kwenye busta na kukila kiwambo. Nikashukuru kuwa nilikuwa nimeagiza na mipira ya masta, maana ukibadilisha aliyekufa ukamwacha muuaji, utarudi mazishini. Tone moja la oili likaniponyoka likatua kwenye mbawa ya gari, juu ya nyekundu yangu. Kabla sijaleta maji, rangi ikakunjamana kama utando wa maziwa. Yule mzee wa rangi akatikisa kichwa, akaniangalia kama mtu aliyetabiri.

Kisha ikaja zamu ya ndani. Busta inashikwa na nati nne, nazo ziko chini ya dashibodi, juu ya pedeli, kwenye giza. Mjapani aliyezipanga alikuwa kijana mwembamba na hakutazamia kiinua mgongo. Njia ya kuzifikia ni moja tu: unaingia kichwa kwanza, mgongo sakafuni, kisogo chini ya pedeli, miguu inapita juu ya kiti na kutokea mlangoni. Nilivaa kikoi. Mke wangu alitoka ndani, akakitazama kikoi, akatazama hadhira, akaenda kuniletea suruali bila ya kusema neno.

Kule chini nilikuta kokwa ya tende, sarafu ya shilingi mia mbili, na buibui mwenye familia. Nikachomoa kotapini ya pini inayoishikilia fimbo ya busta kwenye pedeli, ikaruka. Tuliitafuta robo saa. Watu tisa walinishauri vitu tisa vya kuweka badala yake, kuanzia msumari hadi waya wa dema. Hapo nilikataa kwa sauti ya darasani: pini ya breki haifungwi kwa waya wa dema, hata kama dema lenyewe halijawahi kupoteza samaki. Kotapini ilipatikana kwenye pindo la suruali yangu.

Nati ya kwanza ikafunguka. Ya pili ikafunguka. Ya tatu ikalia, ikafunguka. Ya nne haikuonekana.

Ipo juu, kushoto, nyuma ya chuma kinachobeba nguzo ya usukani. Kuiona huwezi, kuifika kwa mkono wangu huwezi, spana ikifika, mkono umeachwa nyuma. Nilihangaika mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Baada ya sala watu wakaomba kujaribu, mmoja mmoja, kama wanaokwenda kutoa mkono wa rambirambi. Lakini mkono uliovuta nyavu na kasia miaka arubaini haupiti mahali alipopita kijana mwembamba wa Kijapani. Mmoja mkono ulinasa, tukamtoa kwa sabuni. Tukashauriwa msumeno. Tukashauriwa nyundo. Kijana wangu wa 18 kwa mia akasema, safari hii kwa huruma kabisa, "Mwalimu, hata mimi hapa njia siioni."

Ndipo shangazi yangu akapita akitokea pwani. Ni shangazi mdogo, amenizidi miaka tisa tu, lakini hukumu zake zina umri wa babu. Maji yalikuwa ya bamvua, yametoka mbali, na yeye tangu asubuhi alikuwa mwambani anatafuta pweza. Kanga imefungwa kiunoni, kijiti mkononi, ndoo ina pweza wawili.

"Mnatafuta nini humo?"

"Nati, shangazi."

"Ina macho?"

"Haina."

"Basi si haitakukimbia." Akaweka ndoo chini. "Haya, ondokeni."

Wakajisogeza hatua mbili.

"Nimesema ondokeni. Mnanizibia hewa, na maneno yenu yananizibia masikio."

Wakaondoka, Wallahi. Watu tisa, kahawa na vikombe vyake, wakahamia baraza ya pili. Chini ya mwembe pakawa kimya kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Shangazi akapiga magoti mlangoni, akauliza nati inazungushwa upande gani, nikamwambia kushoto, kama kifuniko cha chupa. Akachukua spana, akaingiza mkono mpaka begani na kufumba macho. Pweza hukaa ndani ya shimo la mwamba, na anayemtafuta haoni kitu. Kidole ndicho kinachotazama. Nilimwona shangazi midomo ikichezacheza. Spana ikagonga chuma. Ikagonga tena. Kimya. Kisha ukasikika mlio mfupi, krii.

Alitoa mkono, akafungua kiganja mbele yangu. Nati ya nne, namba 12, inanuka pweza.

"Miaka yote ile," akasema, "sijui mlikuwa mnasomea nini."

Busta mpya, yaani kuukuu ya Sharjah, iliingia. Sikuamini, ila iliingia. Kabla ya kuifunga nilipima ncha ya fimbo yake kwa kulinganisha na ya zamani, na hapo naomba msicheke: ikizidi urefu, breki zinajishika zenyewe njiani, ikipungua, pedeli inakwenda bure kabla ya kufanya kazi. Ilikuwa imezidi kidogo, nikairudisha. Kufunga nati ya nne kulimhitaji shangazi tena, naye alikuwa ameshakwenda nyuma ya nyumba kupiga pweza ili walainike. Tulimsubiri amalize. Pweza hasubiri nati.

Ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja kwenye pedeli, mwengine chini ya gari, unaanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta, yaani la nyuma kushoto. Kwenye pedeli nilimweka mwanafunzi wangu.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, mwalimu."

"Shikilia!"

"Nimeshikilia."

Nikafungua nati ya upepo, oili ikatoka na mapovu. Nikafunga. "Achia!" Mara ya tatu aliachia kabla sijafunga, upepo wote ukarudi ndani, tukaanza upya. Nilitoka chini ya gari, oili mpaka kwenye ndevu, nikamwambia kwa utulivu, "Kijana, onesha njia." Magurudumu manne tuliyamaliza kabla ya alasiri bila kukosea tena. Nikiwa mkweli, alistahili 60.

Majaribio tuliyafanyia kwenye njia ya kiwanja cha mpira, mahali tupu, mwendo wa baiskeli. Shangazi alidai ujira wake, nao ulikuwa kupelekwa Kivunge kumwona ndugu, kwa hivyo alikwishakaa mbele na ndoo ya pweza mapajani. Nilianza na kile kipimo: injini imezimwa, kanyaga, shikilia, washa. Pedeli ikaitikia kwa kichwa. Nikatoka taratibu. Hatua hamsini mbele nikakanyaga breki.

Kosa langu ni kwamba nilikanyaga kwa mguu wa Donge. Mguu ule ulikuwa umezoea kusukuma peke yake, haujui kuwa nyuma yake sasa zimekaa gunia tano za mchele. Celica ikasimama kama imefika ukutani. Ndoo ikaendelea na safari. Pweza mmoja akatua juu ya dashibodi, mikono minane imening'inia mbele ya mita ya mwendo, na mwengine sikumwona tena mpaka tulipofika Kivunge.

Shangazi akanyanyua kanga yake, akamwokota aliyeonekana, akamrudisha kwenye ndoo.

"Gari hili sasa lina breki," akasema. "Dereva ndiye hana."

Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile, na sasa nalisema kama mwalimu. Busta haina nguvu yoyote yake yenyewe. Kazi yake ni kuitoa hewa upande mmoja ili mguu upate pa kwenda. Nilisomesha ombwe miaka thelathini, nikachora na farasi, lakini ombwe la kweli nililiona chini ya mwembe wangu, shangazi alipowaondoa watu tisa na maneno yao.

Kwa hivyo ombi langu kwenu ni dogo. Kesho kabla hujatoka, ifanyie pedeli yako kile kipimo. Ikigoma kuitikia, usiende hata dukani. Na ukinikuta nimefunua boneti, nitolee salamu upite. Kama una mkono mwembamba na unajua kuvua pweza, karibu ukae.

Taa ya kushoto bado imelala. Mtu asiniulize.